Jiko la Mwanakondoo

Nafundisha baiolojia Kitengela, na mdomo wangu haujui likizo. Mama mkwe wangu, mfugaji wa kule Bisil, alinijua siku ya kwanza tu. Akaniita Mwalimu, na haikuwa kwa heshima.

Kwao, mtu akikupa kondoo mnaacha kuitana vingine. Mnaitana Paker, kuonyesha kuna kondoo kati yenu. Mke wa shemeji yangu alikuwa Paker kabla ya mwaka wake wa kwanza kuisha. Mimi, miaka mitatu, bado Mwalimu! Iliniuma, sitadanganya.

Asubuhi moja ya baridi, kondoo wa mama akazaa jike. Kalikuwa kamelowa chapachapa, kamelala tu.

"Hii ikiishi ni yako," mama akasema. "Fanya haraka."

Haraka gani? Nikaanza somo.

"Usijali, Mama. Mwanakondoo anazaliwa na mafuta ya kahawia, hapa karibu na figo. Mafuta mengine ni akiba. Haya yanachomwa hapo hapo yalipo, yanakuwa joto. Hata asipotetemeka anapata moto. Yuko na jiko lake ndani!"

Mama akanitazama vile unatazama mtu anayehubiri nyumba ikiungua.

"Na hiyo jiko, kuni anaweka nani?"

Wee! Ukurasa ule ule ninaofundisha kila mwaka unasema mafuta yenyewe ni kidogo, yanaisha upesi, na mtoto asipopata maziwa ya kwanza jiko linazimika. Nikatia kidole mdomoni mwa mwanakondoo. Baridi! Nikaogopa kabisa.

"Toa sweta."

"Mama, hii nimenunua juzi..."

"Toa!"

Nikamsugua na sweta yangu ya kwenda kanisani, damu na ute vikaingia hadi kwenye mikono. Mama akakamua dang'a, yale maziwa ya kwanza, ya manjano, mazito. Nikawa namdondoshea kidogo kidogo huku namwomba Mungu kwa lugha ya kwetu, maana Kiswahili kilikuwa kimenitoroka.

Jua lilipopanda alisimama, akaanguka, akasimama tena, akanikojolea. Nililia kwa furaha bila aibu yoyote.

Mama akaja na kikombe.

"Paker," akasema. "Chukua chai."

Miaka mitatu nilikuwa nimepanga hotuba ya siku hiyo. Nikafungua mdomo, likatoka neno moja.

"Paker."

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Leo umefupisha."