Chumba cha Tano

Nimefundisha Kifaransa miaka kumi na tisa katika shule ya wasichana nje kidogo ya mji wa Homa Bay, na sijawahi kukanyaga Ufaransa. Nimewafundisha wasichana namna ya kuuliza njia ya kwenda kituo cha treni, mimi ambaye kituo chenyewe nakijua kwa picha ya kitabuni. Walimu wenzangu walizoea kunitania kwamba nasomesha lugha ya mbinguni, hakuna aliyekwenda akarudi kutuambia kama ndivyo inavyosemwa. Nilicheka nao, lakini iliniuma.

Kwa hiyo kaka yangu aliponipigia simu mwezi wa Novemba, akasema yeye na marafiki zake watatu wanataka kwenda kucheza gofu Ufaransa na mimi ndiye nitakayepanga safari yote, nilijua zamu yangu imefika. Kaka ni mkandarasi wa barabara. Alipotimiza miaka hamsini aliingia gofu kwa bidii ya mtu aliyeokoka juzi. Kila Jumamosi mama yuko kanisani kwa Wasabato, na mwanawe mkubwa yuko kiwanjani Kisumu na kofia nyeupe.

"Japuonj," aliniambia, maana huniita mwalimu kwa lugha yetu tangu nilipoajiriwa, "tafuta mji wenye historia. Si gofu tu. Tuone pia mambo ya zamani."

Mji huo sitautaja, nimeutaja vya kutosha. Ni mji mkongwe uliozungushiwa ukuta wa mawe, una mto chini yake, na uwanja wa gofu hauko mbali kwa gari. Likizo nzima ya Desemba niliimalizia mbele ya kompyuta ya maktaba ya shule, nikitembea katika ramani. Nikajua duka la mikate liko kona gani na lango lipi la ukuta hufungwa kwa magari. Niliwaandikia watu wa uwanja wa gofu kuomba saa za kucheza, na kwa hofu ya kukosea nilifungua kamusi hata kwa maneno niliyoyafundisha mwaka hadi mwaka. Walinijibu kwa heshima kubwa. Barua ile niliichapisha nikaiweka ndani ya Biblia.

Nilichagua wiki mbili za Aprili. Kaka aliuliza kwa nini Aprili, nikamwambia hewa huwa nzuri kule wakati huo, si baridi si joto. Sababu ya kweli ni kwamba Aprili shule hufungwa. Nilikwenda Kisumu kimyakimya nikachukua pasipoti, hata mke wangu sikumwambia mpaka ilipokuwa mkononi. Kisha nikaiandikia hoteli ndogo iliyo ndani ya ukuta, nikaagiza vyumba vitano na kuwapelekea majina matano. Waliponiuliza kama kuna mgeni anayetaka dirisha la kuutazama ukuta wenyewe, niliandika kwamba ni yule wa chumba cha tano.

Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba ninakwenda. Hilo nalikiri. Lakini kwetu mdogo haombi nafasi kwa mkubwa wake. Ng'ombe akichinjwa, yule aliyemchuna haulizi kama amewekewa nyama. Fungu lake hutolewa, na kuliulizia ni sawa na kumwambia mkubwa wako mbele ya watu kwamba humwamini. Mimi nilikuwa nimechuna ng'ombe huyu kuanzia kwato hadi pembe. Nilikaa nikangoja kupewa.

Mwezi wa Februari tulikutana sebuleni kwake, Suna, kujaza karatasi za viza. Marafiki zake wote watatu walikuwapo, na kwa kuwa mmoja wao, daktari, ni Mkisii, tulizungumza Kiswahili. Kaka alivaa miwani akaipitia karatasi ya hoteli, iliyoorodhesha vyumba bila majina, akiweka kidole kwenye kila mstari.

"Hii chumba ya tano ni ya nani?" akauliza. "Si sisi tuko wanne?"

Hakuuliza kwa ubaya. Ningeweza kumsamehe ubaya. Aliuliza kwa sababu kweli hakujua, jambo lenyewe halikuwa limempitia kichwani hata mara moja. Pasipoti ilikuwa kwenye mfuko wa koti langu, upande wa moyo. Nilihitaji sentensi moja tu, na mimi hula kwa sentensi.

"Ni ya mabegi, jaduong'," nikasema, nikimwita mzee kama ilivyo adabu kwetu. "Zile za vifaa vya gofu. Ni kubwa, zitawabana kwa vyumba zenu."

Daktari alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Huyu mwalimu ako na akili."

"Si niliwaambia?" kaka akasema. "Huyu hawezi kusahau kitu."

Wakatia sahihi. Nilirudi Homa Bay jioni ile na hasira ambayo sikujua niipeleke kwa nani, kwa yeye au kwa mdomo wangu. Jina langu sikulifuta kule hotelini. Kila Ijumaa nilijiambia nitawaandikia Jumatatu.

Mwaka huo mvua ilichelewa. Machi ilikwisha mashamba yakiwa vumbi, ikaja kunyesha siku ileile waliyopanda ndege. Nilikuwa nimeshafika nyumbani Uriri kwa likizo. Katika boma letu mama ndiye anayeanza kutia mbegu ardhini, kisha mwanawe mkubwa na mkewe, kisha mimi na wangu. Hakuna kurukana. Mama alipanda mistari yake asubuhi ya pili, akaosha jembe akaliegemeza ukutani. Nilimwambia sisi tuendelee tu, udongo umelowa vizuri. Mama ameacha mila nyingi kwa ajili ya kanisa, lakini hiyo hajaiacha.

"Mngoje mkubwa wako," akasema. "Kwani yuko wapi?"

"Ufaransa."

"Nani alimpeleka huko mwezi wa kupanda?"

Niliinama nikafunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

Simu ya kaka iliingia mchana huohuo nikiwa nimesimama kando ya shamba. "Japuonj, ongea na huyu mama wa hoteli. Anauliza kitu na simwelewi."

Huyo ndiye Mfaransa wa kwanza kusema nami akiwa kwao. Alisema taratibu, kwa adabu, na nilimwelewa kila neno. Kwa nukta chache nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Uriri. Kisha nikasikia anachosema. Ana majina matano, wageni waliofika ni wanne, na chumba cha dirisha kimeshatandikwa. Akasoma jina langu, polepole, akilikazia mwisho kama wanavyofanya wao. Akauliza bwana huyo atafika lini, na kama amwekee chakula.

Nikamwambia bwana huyo hatafika.

Akauliza kama anaumwa. Nikasema hapana, mzima kabisa, ila amebaki nyumbani kupanda mahindi. Akasema ni huruma, maana hakuna chumba kizuri kama kile katika nyumba yote. Nikamjibu kwamba bwana huyo anajua. Akanishukuru, akarudisha simu.

"Amesema nini?" kaka akauliza.

"Amesema mabegi yanaweza kuingia."

"Sawa. Na huko mvua?"

"Imenyesha."

"Basi msipande mpaka nikuje," akasema, akakata simu.

Tulingoja siku kumi na tatu.