Mwalimu wa Watoto Aliyeitwa Mlozi

Nabii mmoja wa mji wa Baraka alimwita mwalimu huyu mlozi, yaani mchawi, mbele ya kanisa zima, juma lilelile mwalimu alilomzika mwanawe, akasema ndiye aliyemla kwa uchawi. Tangu hapo waumini hawagusi chakula chake. Lakini watoto wa shule ya Jumapili bado anawafundisha yeye, maana hakuna mwingine anayewaweza. Hajui kusoma, aya zimo kichwani, na huzisema huku vidole vikisuka nywele za yeyote aliyeketi karibu.

“Shetani tunamujua na nini?”

“Anashitaki bantu bure!”

“Tunamupinga namna gani?”

“Tunakatala uongo yake!”

Jumapili iliyopita mtoto mmoja, Umulisa, alisema kwa sauti ndogo, “Nabii alisema koko yangu iko mulozi. Siwezi kula tena bugali yake.”

Vidole vilisimama. Mwalimu alijua bibi huyo, koko wa Umulisa, angetengwa kama yeye. Akawaongoza watoto wote hadi jikoni kwa bibi, akaomba, akamega tonge, akala.

“Mwalimu, hautakufa?”

“Nitakufa na shibe!”

Umulisa akacheka, akanyoosha mkono kwenye sahani.

Nabii bado ana deni la kusimama madhabahuni, kwa kipaza sauti, aseme alidanganya. Na walioitikia amina wana deni la kuja kwa mwalimu, wanawe mikono, wale.