Bafta Nyeupe Niliyoikimbia Guangzhou

Asubuhi moja ya Guangzhou, huko Uchina, haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu, na mimi si mtu wa kuganda kwenye mambo yaliyopita. Nilitoka bafuni na taulo kichwani, nikamkuta mwenzangu wa chumbani amekaa kitandani kwake, miguu kaikunja, macho wazi, anatazama ukuta. Hapepesi. Nikamsalimia, kimya. Nikapitisha mkono mbele ya uso wake, kimya. Ukuta wenyewe mtupu, hata picha hauna. Nikampa mgongo nikavaa haraka haraka, na nilipogeuka nikamkuta ananitazama mimi, anatabasamu kama mtu aliyerudi sokoni na kapu limejaa.

Adhuhuri akafanya tena. Alasiri tena. Siku ya tatu nilikuwa nimeshahesabu: mara tano kwa siku, karibu sawa na swala zangu. Mimi nikitandika msala, yeye anakunja miguu. Lakini mimi nilikuwa na maneno ya kusema, yeye hakusema kitu. Alikuwa anakwenda mahali, namuona kabisa anakwenda, kisha anarudi.

Nikueleze nilikuwa nani siku zile. Ilikuwa miaka ya tisini inaelekea kuisha, nami ni mwanamke wa makamo kutoka Ng'ambo, Unguja, ninayekwenda Uchina kununua nguo na viatu wakati wanaume wengi wa mtaani kwetu hawajavuka Dar es Salaam. Shule niliishia darasa la nne. Lakini nifumbe macho unipe kitambaa, kwa vidole tu nitakwambia hiki ni pamba tupu na hiki kina nailoni ndani. Sikuwahi kukosea. Najisifu, ndiyo. Ningojee nani anisifu?

Nilipanga nyumba ya wageni nyuma ya stesheni ya reli, upande wa Liuhua, huko kulikojaa masoko ya jumla. Chumba kina vitanda viwili, na ukija peke yako unatiwa pamoja na mtu usiyemjua. Mimi nilitiwa na huyu, jina lake Dema. Rika langu, nywele kazikata fupi, mashavu mekundu kama kayapaka rangi. Kwao Bhutan, nchi ndogo ya milimani, ya watu wa dini ya Buddha. Alikuja kununua mablanketi na chupa za chai.

Sasa, nyumbani nilimwacha mama yangu mgonjwa. Tumbo. Daktari alishatuambia tumpe anachotaka kula, na wewe unajua daktari akisema hivyo anasema nini. Siku ya safari mama aliniita.

"Zuhura, huko kwenye vitambaa vyote vya dunia, niletee bafta nyeupe. Vipande vitano. Pamba tupu, usiniletee nailoni nikatoka jasho kaburini."

Alikuwa anasema sanda yake. Nikamwambia, "Mama, acha maneno hayo. Nitakuletea kitambaa cha gauni."

"Gauni ninalo. Nakwambia bafta."

Nikabusu mkono wake nikaondoka bila kumjibu. Niliamini kifo ni kama mbwa wa jirani, ukilitaja jina lake anakuja. Kununua sanda ya mtu aliye hai nikaona ni sawa na kumsukuma. Sokoni Liuhua niliulizia bafta mara moja tu, kwa sauti ya chini, na muuzaji aliposema "meiyou", yaani hakuna, nilifurahi kama niliyepewa zawadi. Kumbe bafta ilikuwa duka la tatu kutoka pale. Niliiona. Nikapita nikitazama upande wa pili.

Basi hebu fikiri, moyo wangu uko hivyo, halafu chumbani nimelala na mwanamke anayetazama ukuta mara tano kwa siku.

Palikuwa na binti wa Tanga, Rehema, anasomea udaktari huko kwa msaada wa masomo. Siku za mapumziko alinisaidia kutafsiri sokoni, nami nampikia wali wa nazi. Nikamkalisha chumbani kwetu, Dema naye yupo.

"Rehema, huyu mwanamke mchawi. Muulize anafanya nini."

"Mama Zuhura, umeanza."

"Muulize, mwanangu. Wali utaula baadaye."

Wakazungumza Kiingereza. Dema anajibu polepole, mikono juu ya magoti. Rehema akaacha kucheka.

"Anasema anafikiria kufa kwake. Mara tano kila siku. Kwao wengi wanafundishwa hivyo, mtu akitaka kuishi na raha moyoni."

"Raha gani hiyo?"

"Anasema mfalme wao aliwaambia nchi isipimwe kwa mali peke yake. Ipimwe kwa raha ya watu wake. Kama wana amani, kama misitu ipo, kama mtu anapata muda wa kukaa na wazazi wake wakizeeka."

"Muulize kama wana televisheni."

Akauliza. "Hawana. Bado hawajaruhusiwa."

"Ndiyo maana wanafikiria kufa. Hawana cha kutazama."

Dema alipotafsiriwa alicheka mpaka akashika mbavu. Nilikuwa sijawahi kumsikia anacheka. Kisha akasema kitu kifupi, na Rehema akanitazama mimi kabla ya kukitafsiri.

"Anauliza, huyo unayemkimbia anaendeleaje?"

Mwanangu, sikuwa nimemwambia mtu habari za mama. Hata Rehema. Nikainuka nikaenda kuosha sahani zilizokuwa safi.

Jumapili Dema alitaka kwenda kwenye hekalu la dini yake, Rehema akanivuta nikafuatana nao. Mimi nilisema nitawasubiri nje. Wakaingia. Nikaona kuwasubiri kunanichosha, nikakata kichochoro cha pembeni nipunge upepo. Hatua ishirini tu, na ile kelele ya mji ikakatika kama mtu kafunga mlango. Hapakuwa na baiskeli, wala watoto, wala redio. Maduka yapo wazi, lakini hakuna anayeita mteja, na Guangzhou nzima mimi sijapata kuona duka lisiloita mteja.

Duka la kwanza limejaa viatu vya karatasi. La pili, nyumba za karatasi, zina madirisha na ngazi na vitanda vidogo ndani. La tatu nguo. Nguo nzuri, hariri ya buluu, pana, zimeshonwa kwa mkono. Hazina mfuko hata mmoja. Nikashika pindo, si unanijua, mkono wangu hauwezi kuacha kitambaa. Akatoka bibi mmoja mfupi, hana meno ya mbele, hakuniuliza kitu. Akavuta futi ya kupimia shingoni mwake, akanizunguka nyuma, akanipima mabega. Mikono yake ilikuwa baridi, kupitia buibui niliihisi. Akashuka mpaka kwenye vifundo vya miguu. Nikaganda. Huku nyuma nasikia Rehema ananiita, anakimbia.

"Mama Zuhura, toka humo. Hizo ni nguo za maiti, na hivyo vya karatasi huchomwa kwa ajili ya wafu. Wazee wa hapa wanajishonea mapema, wanaziweka."

Nilitoka. Sikutembea, nilitoka mbio, mwanamke mzima na mwili wangu huu. Yule bibi hakunifuata. Alisimama mlangoni anaikunja futi yake taratibu, kama kazi imekwisha.

Jioni ile ile, jua bado lipo, nikaenda kibanda cha simu nikapiga kwa jirani yetu Unguja, wakamwita mama. Sauti ilikuja mara mbili, yake na mwangwi wake, moja inaifukuza nyingine.

"Zuhura, umeipata bafta yangu?"

Nikasema, "Nimeipata, mama."

Ndivyo nilivyosema. Ulimi ulikwenda wenyewe. Mama akashusha pumzi ndefu, nikasikia zote mbili.

"Alhamdulillahi. Ndiyo maana. Mchana nilipitiwa na usingizi, nikaota napimwa mabega. Mtu mwenyewe mikono yake baridi."

Sikukueleza hili ili nikutishe. Nakwambia kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na mpaka leo sijui lilikuwa jambo gani, wala sitaki mtu anieleze.

Nilirudi chumbani, nikasahau hata kuvua viatu. Dema aliniona, akanikalisha, akanipa maji ya moto. Rehema alikuwepo akatafsiri. Nikawaambia yote: mama, bafta, uongo wa simu. Dema hakunihurumia. Alisema, "Kesho asubuhi twende ukainunue. Nitakushika mkono. Ukishaibeba utaona ni kitambaa tu, na mama yako utaweza kumtazama usoni."

Unajua nilifanya nini? Niliona yeye ndiye aliyemleta yule bibi wa mikono baridi. Nikamwambia Rehema, "Mwambie aniondolee mikosi yake." Rehema akakataa kutafsiri. Haikuwa na haja, Dema alishanielewa usoni. Nikahamia chumba kingine usiku haujaingia, na siku ya kuondoka nilimpita kwenye ngazi nikatazama chini. Yeye akaniinamia kwa heshima, viganja pamoja. Sikumuona tena.

Nilifika nyumbani mama bado yupo, mwepesi kama mto uliotolewa pamba. Aliniuliza, nikamwambia inakuja na kontena. Kila siku anauliza, kila siku kontena liko njiani. Ningeweza kwenda sokoni Darajani, hapa hapa mjini, nikanunua bafta kwa dakika kumi. Sikwenda. Nilijiambia, akiipata tu, anakufa. Na mama naye, masikini, alikuwa na mengi ya kuniambia: nani amuoshe, azikwe karibu na nani, nani kamkosea na kamsamehe. Kila alipoanza nilimkata. Nilimpa uji. Nilimpa uji ili anyamaze, mwanangu, na huo ndio ukweli wenyewe.

Alikufa asubuhi ya Jumanne, baada ya chai. Wakaja mabibi wa kuosha maiti, watatu, mkubwa wao Bi Mwanaisha. Maji yalishapashwa, karafuu maiti ipo, udi unafuka. Bi Mwanaisha akafungua pazia.

"Zuhura, toa sanda ya mama yako."

Nikainama nikachochea udi.

"Katuambia sote iko kwako, ya pamba, kutoka Uchina. Alikuwa akijivunia mtaa mzima. Itoe, mwanangu, jua linapanda."

Nikasema sina. Nikasema haikuwepo kamwe. Chumba kizima kilinyamaza, na nilijua kimya kile, nilishakutana nacho kwenye kichochoro cha Guangzhou. Nikadhani Bi Mwanaisha atanitukana, na ningefurahi angenitukana. Alinitazama tu, kisha akamgeukia mwenzake.

"Nenda kwangu. Chini ya sanduku la nguo, kwenye mfuko wa buluu. Niletee yangu."

Mama yangu alizikwa na sanda ya Bi Mwanaisha. Niliishika nilipokuwa naipitisha ndani ya pazia. Ilikuwa pamba tupu, laini, inanukia asumini. Na Dema alisema kweli: ilikuwa kitambaa tu.

Juzi ulifungua kabati langu unatafuta mashuka, ukaiona bafta yangu, ukaja jikoni unalia unaniambia niitupe. Sitaitupa. Nimeinunua mwenyewe, nimeikata mwenyewe vipande vitano, na kila nikimaliza kuswali nakaa kidogo nikaifikiria safari yangu, kisha nainuka nakwenda kugombana na muuza samaki. Sijawahi kuishi vizuri kama ninavyoishi sasa.

Kwa hiyo nisikilize. Mzazi akitaka kukuzungumzia kufa kwake, kaa chini. Weka uji pembeni. Usimwambie atapona, humdanganyi yeye, unajificha wewe. Akikuagiza kitu cha mwisho, kilete kwa mkono wako, na ukiogopa mtafute mtu akushike mkono kama mimi nilivyopewa nikakataa. Wala usimwite mchawi mtu kwa sababu tu anaangalia pale ambapo wewe huthubutu.

Mungu akupe kifua cha kusikiliza na miguu isiyokimbia. Akupe watoto watakaokaa kando yako wakakusikiliza mpaka umalize. Na siku yangu ikifika, ukiulizwa iko wapi, useme iko hapa, mwanangu, na mkono wako usitetemeke. Amina.