Baraka ya Mjomba na Waya Wangu

Mimi ni mtu wa nyumbani. Safari yangu ndefu ni ya kutoka kitandani hadi zizini, na hata hiyo huilalamikia. Lakini mama alivunjika mguu akichuma chai, wiki mbili kabla ya harusi ya dada yangu mdogo, na daktari akakataa asafirishwe kutoka Kanyakine hadi Siakago harusini. Mama hakulia. Alisema harusi ni kula na kucheza, na vyote ameshavifanya. Alichotaka ni kusikia baraka ya kaka yake. Kwetu, msichana akiolewa bila neno la mjomba, moyo wa mamake haukai chini.

"Na usiniletee zile kelele za simu," akaniambia.

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Harusi iliyopita nilirekodi nikiwa nimeketi karibu na chakula, kama kawaida yangu. Hotuba nzima ilimezwa na mama mmoja aliyekuwa akitafuna mfupa.

Safari hii niliazima kinasa sauti kwa mwalimu jirani, nikaenda moja kwa moja kwa fundi wa vyombo vya sauti. Akanionyesha tundu nyuma ya mikisa, ile mashine inayokusanya sauti za maiki zote kabla hazijaenda kwenye spika. Nikachomeka waya, nikavaa hedifoni, nikapunguza sauti kidogo isikwaruze. Ikawa safi, hata pumzi za pasta nilizisikia. Fundi alivyoniona nimekunja uso, akaniuliza kama nimekuja harusini ama nimekuja kukata stima.

Mjomba akasimama. Akashika maiki, akasalimia ukoo mmoja mmoja, akalaumu mvua, akalaumu barabara, akasifu wapishi. Yote nikayanasa. Kisha akamwita bibi harusi mbele, akamrudishia mshereheshaji maiki, akaanza kubariki.

Hedifoni zikanyamaza kabisa. Nikapiga kinasa sauti kofi, nikatikisa waya, nikamlaumu fundi. Fundi akanivua hedifoni. Ndipo nikamsikia mjomba, kwa mdomo mtupu, akimwombea dada yangu maziwa na watoto. Uwanja mzima ulimsikia. Aliyekosa ni mama, kule Kanyakine.

Basi mimi, ambaye wageni wakija nyumbani hujificha jikoni, nikanyakua maiki kwa mshereheshaji na kutembea mbele ya watu wote wale. Nikaiweka chini ya kidevu chake.

"Toa hicho kitu," akasema. "Baraka haipitii kwa waya."

"Ni ya mama, mjomba."

Akaitazama ile maiki. Kisha akainama, akaongea nayo polepole kama anayeongea na mgonjwa: "Dada, huyu nimembariki. Wewe nakuja kukwambia mwenyewe."

Akaisukuma kando, akaendelea.

Kesho yake nikamwekea mama. Akaruka mvua, barabara na wapishi. Pale kaka yake alipomsemesha yeye akanirudishisha mara tatu. Mara ya nne akaicheka sauti yangu, eti natetemeka kama mbuzi aliyeona kisu. Nikamuuliza kama hajasikitika kwamba baraka yenyewe haikuingia.

"Wewe fagia uwanja," akasema, "halafu ushike jogoo."

Mjomba alifika Alhamisi. Akaketi kando ya kitanda, mkono juu ya plasta, akarudia maneno yote toka mwanzo. Mimi niliambiwa niketi nisikilize, na nisiguse mashine yoyote.