Simu Ambazo Hazikufika kwa Fundi Gikonyo

Kwa miaka kumi na minane Gikonyo ametengeneza simu katika kibanda chake cha mabati mtaani Huruma, Eldoret. Ni fundi mwaminifu. Hajawahi kumwekea mteja betri mbovu akabaki na ile nzima, wala kuchungulia picha za mtu katika simu iliyoachwa mezani. Nayasema haya mapema ili msomaji asidhani nazungumzia mlaghai. Kosa lake lilikuwa kiburi cha mtu anayeijua kazi yake, nacho ni kiburi tusichokikemea kwa sababu kinafanana sana na bidii.

Mkewe, Warigia, huuza viazi na kabeji sokoni. Kwa miaka tisa wawili hawa waliweka akiba kwa lengo moja: kununua kipande cha shamba karibu na Chepkoilel, wajenge vyumba vya kupangisha wanafunzi wa chuo, wahame chumba kimoja walimowalelea watoto watatu. Mwenye shamba, Mzee Kipkemboi, alikubali kuwawekea hadi Desemba. Wengine walimwendea na pesa mkononi, na ndugu zake hawakufurahi kwamba anawauzia watu wasio wa kwao. Hata hivyo alikuwa ameshatoa neno lake, akalishika.

Mwezi wa Machi, mwalimu mmoja aitwaye Gideon, akingoja simu yake ibadilishwe kioo, alimwonyesha Gikonyo jinsi mtu anavyoweza kununua hisa za kampuni za ng'ambo akiwa papa hapa Eldoret. Gikonyo alipoona majina ya watengenezaji wa simu, alicheka.

"Mwalimu, hizi si ndizo nashinda nikipasua kila siku?"

"Basi daktari, tuambie," Gideon akamjibu. "Mgonjwa ni nani na mzima ni nani?"

Gikonyo hakuhitaji kufikiri. Chini ya meza yake kuna ndoo mbili za rangi ambamo hutupa vioo vilivyopasuka na bodi zilizokufa. Ndoo zote mbili zilikuwa zimejaa simu za Mirox. Orvela, jina jingine aliloonyeshwa na mwalimu, haikuwemo hata moja. Miaka yote hiyo hakuwahi kuifungua Orvela. Kwake ushahidi ulikuwa umekamilika: Mirox hutengeneza takataka, Orvela hutengeneza simu zisizoharibika, na kampuni ya vitu visivyoharibika lazima ipande.

Jioni hiyo aliligusia jambo hilo nyumbani, kama hadithi tu.

"Mama Kabura, unajua kuna simu haijawahi kuletwa kwangu hata siku moja?"

Warigia alikuwa akikatakata mboga za sukuma wiki. "Na hapa Huruma ni nani ako nayo?"

"Ni simu poa, ndio maana hailetwi."

"Sijauliza kama ni poa, Baba Kabura. Nimeuliza nani ako nayo. Mimi hata sijawahi kuiona."

"Wewe shika viazi zako," akamwambia akicheka. "Mambo ya simu achia fundi."

Jibu lote lilikuwa ndani ya swali hilo. Mirox zilijaa ndooni kwa sababu zilijaa mifukoni mwa watu. Orvela hazikuletwa kwa sababu hazikununuliwa. Muuza viazi aliliona hilo akiwa na kisu mkononi, fundi hakuliona.

Akiba ya wawili hao ilikuwa katika chama cha ushirika, kwa jina la Gikonyo. Wiki iliyofuata aliitoa yote akanunua hisa za Orvela. Hakumwambia mkewe. Alijidanganya kwamba anamwandalia furaha: Desemba angemwonyesha pesa ya shamba na ya mawe ya kujengea pia. Mimi sina ugomvi na hisa. Mtu akinunua kwa ziada yake, akipoteza, amepoteza chake. Lakini jasho la wawili haligeuki kuwa la mmoja eti kwa kuwa kitabu cha akiba kina jina lake.

Mwezi wa Agosti kampuni hiyo ilitangaza kwamba inaacha kutengeneza simu. Hisa zilianguka hadi pesa ile ikabaki chini ya robo. Gikonyo alingoja zipande, na alipokuwa akingoja, aliendelea kuketi mezani na mkewe wakijadili vyumba viwe vinane au kumi.

Novemba ikiisha, Mzee Kipkemboi alikuja kibandani mwenyewe.

"Fundi, mwaka unaisha. Lete hata nusu, ile ingine utamaliza polepole."

"Mzee, sina."

"Huna nusu?"

"Sina."

Mzee aligeuka aende zake. "Ile siku ulijua, ungeniambia. Nimekosana na ndugu zangu juu yako."

Kutoka hapo mzee alipitia sokoni. Akilini mwake pesa ya miaka tisa haiwezi kuisha ila kwa hospitali, kwa hiyo alimshika Warigia mkono kwa huruma.

"Pole sana, Mama. Ni nani anaugua?"

Hivyo ndivyo Warigia alivyopata habari kwamba pesa imeisha, mbele ya wateja.

Leo vyumba kumi vimesimama katika shamba lile, mali ya mtu mwingine. Mwezi uliopita mwanafunzi mmoja, Cynthia, anayepanga humo, alielekezwa kwa Gikonyo na wenzake. Alileta simu aliyotumiwa na mjomba wake wa ng'ambo. Ilikuwa Orvela.

Gikonyo aliifungua taratibu. Ndani kila kitu kilikuwa kimepangwa vizuri kuliko simu yoyote aliyowahi kushika. Ilihitaji kioo tu. Alipiga simu kwa wauzaji wa vipuri mjini, kisha Nairobi. Hakuna aliyekuwa nacho. Aliifunga tena, akamrudishia Cynthia bila kumtoza kitu.

Alipofika nyumbani alimweleza mkewe habari hiyo, akiwa amesimama mlangoni kama mgeni.

"Mama Kabura, siku ile uliuliza swali la maana sana."

Warigia alimpakulia chakula, akaweka sahani mezani.

"Sikuuliza ndio unisifu," alisema. "Niliuliza ndio unijibu."