Nilipima Mteremko Vibaya, Nikamwita Ndugu Yangu Mlevi

Nimekosa, wasomaji! Na anayewaambia haya si mjinga. Nina diploma ya ujenzi niliyoitafuta Zambia kwa jasho langu, bila mjomba wala senti ya mtu. Ndiyo maana aibu yangu ni kubwa zaidi.

Nilirudi kijijini kwetu Ngonga wakati biashara imeachiwa huru. Wanunuzi wa mpunga walikuwa wakija na malori yao, lakini masika yakizamisha njia wanaishia barabara kuu. Wanakijiji tukajitolea kuinua tuta juu ya kalavati. Nani apange mteremko wake? Mimi, nani mwingine!

Siku ya kupima, watu walijaa kwenye kalavati. Nikafungua futikamba palepale waliposimama, ili wanione! Nikaivuta hadi tuta litakapoishia.

"Kimo mita mbili, urefu mita arobaini," nikatangaza. "Mbili gawanya kwa arobaini, zidisha kwa mia. Asilimia tano! Hata bibi atashuka anaimba."

Ambakisye, mtoto wa baba yangu mdogo, akacheka, akanishukuru kwa kilugha chetu. "Ndaga, Diploma! Basi breki zangu zitatosha." Akainua mguu kuonyesha kandambili. Kwetu ni tambarare. Baiskeli nyingi hazina breki, mtu anakandamiza tairi kwa soli.

Tuta lilipokamilika, mkewe Atupele alilitazama sana. "Shemeji, mbona huku mwisho kumeinama hivi?"

"Macho hayana diploma, shemeji."

Watu wakacheka! Nami nikafurahi, ole wangu.

Asubuhi moja Ambakisye akashuka kwa baiskeli na gunia la mpunga. Soli ikateleza kwenye tairi. Nilimkuta chini, gunia juu yake, mfupa wa paja umevunjika.

Walipomkimbiza hospitali, nilibaki na futikamba yangu. Nikapima tena. Jamani! Mita ishirini za kwanza, kutoka kwenye kalavati, zilikuwa sawasawa kama meza. Tuta lote lilikuwa linashuka kwenye ishirini za mwisho. Mbili kwa ishirini ni asilimia kumi. Mara mbili ya nilichotangaza!

Nilipaswa kusema palepale. Badala yake, watu walipouliza imekuwaje, nikajibu: "Alikuwa ananuka pombe." Baadaye nikalirefusha tuta ili mteremko upungue, nikasingizia malori.

Ambakisye hajawahi kuonja pombe! Alikuwa mzee wa kanisa. Wakamvua uzee, wakamtenga na meza ya Bwana. Alikana, nani amsikilize? Diploma ameshasema.

Mguu ulipona, ingawa anachechemea. Jina halikupona. Sasa anakaa benchi la nyuma, na mimi nakaa mbele na suti yangu ya Kitwe, Zambia. Atupele haniiti shemeji tena. Ananiita "bwana," kama mtu aliyekutana naye Kasumulu mpakani. Lakini Ambakisye bado ananisalimu: "Ndaga, Diploma." Tena bila kejeli! Afadhali angenitukana.

Jumapili hii, kabla gazeti hili halijafika huku, nitasimama mbele ya kanisa niseme: ilikuwa asilimia kumi, na hakuwa amekunywa. Naogopa, lakini nitasimama.

Na ninyi mliosoma, anzeni kupima pale ardhi inapoanza kuinama, si pale watu waliposimama kuwatazama. Mkikosea, semeni siku ileile, mwenzenu akiwa bado ana mguu tu wa kuuguza.