Ukuta wa Chumba cha Nyuma

Walisema sitaimaliza. Hakuna aliyesema sitaianza, maana kuanza hapa Kalamba kila mtu huanza. Ukipanda kilima chetu utaona kuta zisizo na paa na misingi iliyoota nyasi mpaka mbuzi wanalala ndani. Walisema hivi: mabati atabadilisha, madirisha ataweka, lakini kulala ndani hatalala, hiyo nyumba haitaki kumalizwa. Waliyasema sokoni, wakayarudia nje ya kanisa baada ya ibada, na mimi niliyasikia yote kwa sababu masikio yangu ni mazuri kama mikono yangu.

Mimi ni mtu niliyejisomesha. Diploma ya ujenzi niliipata nikifanya vibarua mchana na kusoma jioni, halafu nikaenda Uarabuni nikasimamia kazi kwenye majengo ambayo wengi wa hao wasemaji wangeogopa hata kupanda ngazi zake. Niliporudi sikutaka kiwanja kipya. Nilitaka nyumba ya marehemu baba, nyumba ya matofali ya kuchoma iliyokuwa imefungwa tangu wazazi wangu wahamie Zombe, upande wa Kitui, mimi nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Kitu cha kwanza kupigilia ukutani kilikuwa cheti changu. Fundi alinishauri nikitoe kwa sababu ya vumbi la plasta. Nilikataa.

Nilikuwa na sababu ya kuharakisha. Mama alikuwa amezeeka kwa dada yangu huko Zombe na alitaka kurudi kwake. Si kutembea; kurudi. “Siku zangu za mwisho nizimalizie kwangu,” aliniambia, na mimi nikamwahidi kwamba mvua ya vuli haitamkuta kwa watu. Lakini kila nilipompigia simu kumweleza kazi ilipofika, silingi ya dari imeisha, vioo vimeingia, aliuliza jambo moja tu.

“Watu wa kilima wamekuja?”

“Mama, nimelipa mafundi.”

“Sikuulizi mafundi.”

Nilianza kushuku kwamba Mama ananificha kitu.

Watu wa kilima hawakuja. Nilitangaza kazi ya kubeba mchanga na maji, kwa malipo mazuri, wakatazamana na kusema wana shughuli. Nikajua ni wivu. Mtu akirudi na kitu, majirani huwa wagonjwa. Kwa hiyo fundi nilimtoa Nunguni makusudi, kwa sababu mtu wa Nunguni hana ndugu hapa wa kumgawia simiti yangu. Lundo la mchanga nililichora herufi za jina langu kila jioni ili nikiamka nijue kama limeguswa. Mlango niliufunga kwa kufuli tatu.

Mtu niliyemchunga zaidi alikuwa jirani yangu, mama mzee ambaye shamba lake linapakana na letu. Yeye ndiye aliyekuwa mdomo wa wale wasemaji. Kila asubuhi alipita kwenye ua, akaniita “Injinia” kwa sauti ya mtu anayeita kuku, akaingia bila kukaribishwa. Hakutazama silingi yangu. Hakutazama vioo. Alikwenda moja kwa moja chumba cha nyuma, ambacho kuta zake zilikuwa bado matofali matupu, akapapasa ukuta ule wa ndani kwa kiganja.

“Huu mtaupaka lini, Injinia?”

“Kwa nini unauliza, mama?”

“Mtu akiuliza ni dhambi? Ama huko kwa Waarabu hamuulizwi maswali?”

Alipotoka niliukagua ukuta. Nilitafuta kitu kilichochomekwa kwenye nyufa, nywele, unga, chochote. Sikupata kitu ila alama. Matofali kadhaa yalikuwa na alama zilizochorwa kabla ya kuchomwa: msalaba, mistari mitatu, duara, kidole gumba kilichobonyezwa katikati. Nilijiambia ni alama za wachoma matofali. Lakini wachoma matofali hawaweki alama tofauti tofauti kwenye ukuta mmoja, na mimi, kwa elimu yangu, nilijua hivyo. Nikaanza kufikiri juu ya mipaka ya shamba, na watu ambao huacha ishara ili siku moja waseme hapa ni petu.

Nikamwambia fundi aupige plasta siku hiyo hiyo.

Fundi aliweka mwiko chini. “Huo sipaki.”

“Kwa nini?”

“Yule mama alinipa uji jana. Akaniambia kabla sijaufunika, nimuulize mwenye nyumba kama anajua ni ukuta wa nani.”

“Ni ukuta wangu.”

“Basi hujui,” alisema, akaenda kunawa mikono.

Niliona mchezo wote. Wamekula njama ili nipandishe malipo. Nikamwambia achukue vifaa vyake arudi Nunguni, naye akachukua, bila hasira, jambo ambalo lilinitia wasiwasi zaidi. Nikavua shati nikapiga plasta mwenyewe. Nasema bila aibu kwamba ilikuwa plasta nzuri. Nilipofika nusu ya ukuta nikasikia kikohozi dirishani. Jirani alikuwa amesimama nje akinitazama, na safari hii hakuniita Injinia.

“Umefunika wangapi?” aliuliza.

Nilimfuata mpaka kwake na mwiko mkononi. Nilimwambia mipango yao naijua, na kama ni shamba, karatasi ninazo. Alicheka mpaka akakaa kwenye kigoda.

“Shamba la nini? Shamba lako lina mawe kuliko la kwangu. Keti.”

Sikuketi. Akaniambia nikiwa nimesimama.

Wakati ule, alisema, nyumba za kilima hiki zilijengwa kwa mwethya. Nilijua mwethya ni nini, kila Mkamba anajua: majirani wanakusanyika leo kwako, kesho kwa mwingine, mpaka zamu izunguke kwa wote. Walikubaliana kila nyumba ifyatue matofali yake, iyachome, iyatie alama yake, iyalete pale zamu ilipo, ili ionekane nani ametoa. Zamu ya kwanza wakampa baba yangu. Nyumba yake ya udongo ilikuwa inavuja, na mkewe alikuwa mja mzito.

“Ulikuwa wewe tumboni,” alisema. “Tukasema tuanze na huyu, mtoto asizaliwe kwenye maji.”

Wakamjengea. Mimi nikazaliwa ndani. Kisha baba akapata kazi upande wa Kitui, akafunga mlango, akahama kabla hajapeleka hata tofali moja kwa mtu.

“Ni kiasi gani?” niliuliza, na mkono wangu ukaenda mfukoni.

“Unaona? Ndiyo maana tulisema hutamaliza.” Hakucheka tena. “Pesa tungekuwa tumeshakula, tumeshasahau. Tulimpa siku zetu. Utanipa riali zinibebee matofali?”

“Kwa nini hamkuniambia?”

“Deni la mzazi mtoto haambiwi barabarani. Mtoto anauliza. Wewe tangu ufike umeuliza nani anaiba mchanga.”

Nilimpigia Mama nikamuuliza kama ni kweli. Akasema, “Nitapitaje mbele ya milango yao kwenda kulala kwenye matofali yao?”

Sikuamini kila kitu mara moja. Mtu akikupa hadithi inayomfaa yeye, ipime. Lakini hesabu ilikuwa ukutani, na nusu yake nilikuwa nimeifunika kwa mkono wangu. Nilirudi nikaibomoa plasta yangu ingali mbichi. Fundi hodari hukwangua kazi yake akiona inafaa, na mimi nilikwangua vizuri. Nikaosha matofali kwa brashi mpaka kila alama ikasomeka, nikaenda kwa jirani anitajie wenyewe.

Nikaanza kuzunguka kilima. Mwenye mistari mitatu alikuwa amekufa. Nilifanya kazi kwa mwanawe, nikachimba matuta ya kuzuia maji shambani, naye akakaa kivulini akiniangalia kama anangoja nitoroke. Mwenye duara alinichimbisha choo. Nilichimba choo kilichonyooka kuliko vyote Kalamba na nilimwambia hivyo. Akajibu, “Tutajua mvua ikija.” Mwenye msalaba, mzee wa kanisa, alisema amekwisha samehe, niende kwa amani. Sikumwamini. Msamaha kama huo unaweza kukumbushwa siku ya mazishi mbele ya watu wote. Nilisimama pale mlangoni mpaka akakumbuka kwamba dirisha lake halifungi.

Ikabaki alama ya kidole gumba, ya jirani mwenyewe. Na yeye ndiye aliyekuwa hana nafasi. Leo ana mkutano wa akina mama wa kanisa. Kesho anaumwa goti. Kesho kutwa simiti yangu haimpendezi. Mawingu yalikuwa yanajikusanya, Mama yuko Zombe, na huyu mama anaketi juu ya siku yake kama kuku juu ya yai. Nilishuku kwamba hataki kulipwa kabisa, kwamba ameizoea raha ya kunidai.

Mwishowe alinionyesha ukuta wa jiko lake, mweusi kwa moshi wa miaka. Nikaukwangua, nikaulowesha, nikaupiga plasta huku yeye akiwa nyuma yangu na fimbo.

“Hapo pamepinda.”

Nikaweka pimamaji. Kiputo cha hewa kilitulia katikati kabisa ya kichupa chake. “Tazama mwenyewe, mama.”

“Hiyo chupa umeinunua wewe. Itasema unachotaka.”

Katikati ya kazi alitoka mara mbili kwenda kunong’ona kwenye simu nyuma ya ghala. Kila niliposogea alinyamaza. Nilijua kuna kitu kinapikwa, ila sikujua kwa ajili ya nani.

Nilipomaliza nilinawa, nikabeba mwiko na karai lenye plasta iliyobaki, nikavuka ua kuelekea kwangu. Gari la dada yangu lilikuwa limeegeshwa uwanjani. Mama alikuwa ameketi kwenye jiwe nje ya mlango, mkoba magotini, viatu vya kanisani miguuni. Hakuwa ameingia. Watu wa kilima walikuwa wamesimama karibu na lundo la mchanga, wenye matuta, wenye choo, mzee wa dirisha, wote kama wanaongoja kusomewa wosia.

Mama hakunitazama mimi. Alimtazama jirani aliyekuwa akija nyuma yangu.

“Amemaliza?”

“Jiko limepinda kidogo,” jirani alisema. “Lakini amemaliza.”

Mama akanyanyuka, akaingia kwake.

Niliwapeleka wote chumba cha nyuma. Nilikuwa nimeamua kuuacha ukuta ule wazi, alama zionekane, nikawaeleza kwamba Uarabuni mapambo kama hayo ni ya hoteli za watu wakubwa. Jirani akaninyang’anya mwiko. “Aliyelipwa anataka alama ya nini?” akasema, akachota plasta kwenye karai akairusha juu ya kidole gumba chake mwenyewe. Wakafuata wengine, kila mtu juu ya alama yake, vibaya sana, na mimi nikarudi nyuma yao nikinyoosha.

Ndivyo nilivyoimaliza nyumba waliyosema sitaimaliza. Ule ukuta ndio ulionyooka kuliko kuta zote za nyumba. Mama alipokuwa anakunywa chai nilikusanya vifaa vyangu, na mwiko mzuri, ule niliokuja nao kutoka Uarabuni, haukuwepo. Nikatoka hadi uani. Jirani alikuwa ameshavuka, mwiko uko chini ya kwapa lake.

“Mama, huo ni wangu.”

“Nimeazima,” alisema bila kugeuka. “Ukitaka kunidai, njia unaijua.”